Mzunguko Uliopotea

Kipaza sauti kilikwaruza, kisha kikatangaza mshindi wa mbio za magari za mizunguko mia nne: gari jekundu.

Verna alishtuka; gari hilo halikuwa la mumewe. Tangu asubuhi alikuwa akiandika kwa penseli kila mzunguko wa mumewe, kama walivyofanya wake wote wa madereva. Kadi yake ilionyesha kuwa mumewe alimaliza mizunguko mia nne kabla ya gari jekundu. Wasimamizi walimhesabia mia tatu tisini na tisa.

Aliingia ofisini, akaiweka kadi mezani kwa msimamizi mkuu, vidole vyeusi kwa penseli.

"Bibie, labda ulipiga chafya ukaandika mara mbili."

"Kila mzunguko una saa yake pembeni. Nionyeshe penye chafya."

Msimamizi alifuata safu kwa kidole mpaka chini. Kicheko kikamkauka.

"Matokeo yameshatangazwa. Nenda nyumbani."

Verna akavuta kiti, akaketi. Mumewe alichungulia mlangoni, uso umejaa masizi.

"Twende, mke wangu."

"Ulishinda. Nakuahidi, hatutoki hapa mpaka kipaza sauti kile kitaje jina lako."