Salamu ya Hamsini

Kila mkazi wa Lupandwe sharti asalimie watu hamsini kwa siku, la sivyo mji utanyang'anywa makao makuu ya wilaya, na mahakama na posta vitahamia kwa jirani. Bangili ya mkononi ndiyo inayohesabu, tena haihesabu mpaka uitikiwe. Ikifika hamsini huwaka kijani.

Jioni Tulinagwe alirudi kutoka sokoni, sauti imemkauka kwa salamu. Alitua kikapu mlangoni, akiomba kimoyomoyo asikute mgeni. Hakukuwa na mgeni. Alikuwapo mumewe tu, Ambakisye, aliyeshinda barazani akisalimia wapita njia. Akamsogezea kiti.

"Pole na kazi, mama Tusekile. Umeshindaje?"

Mwaka mzima hakuwahi kumuuliza hivyo. Tulinagwe aliketi, machozi yakamlengalenga.

"Nimeshinda salama, ila miguu, baba Tusekile. Tangu asubuhi nyayo zinawaka moto, halafu vifundo navyo vimevimba..."

Bangili ya Ambakisye ilikuwa imeshawaka kijani, tangu mkewe aliposema "salama". Akashusha pumzi, akainuka, akaingia ndani kulala.

Tulinagwe alikuwa hajafika hata kwenye magoti.