Blanketi la Shangazi Vernell

Shangazi Vernell alilala chali katikati ya bustani ya jiji, viatu kavua, miguu kaielekeza mashariki, akatangaza kwamba atakayetaka kuchimba hapo aanze na tumbo lake.

Ukoo mzima wa akina Tolliver ukaangua kicheko. Kila kiangazi hukutana hapa wamevaa fulana za zambarau zenye jina lao mgongoni, na kila kiangazi Shangazi hufika alfajiri kutandika blanketi palepale. Watu wa harusi waliwahi kumbembeleza asogee kidogo tu. Mchungaji naye aliwahi kumwomba. Wote waliishia kula kwingine.

Safari hii aliyetaka asogee ni jiji lenyewe. Jumatatu tingatinga lilikuwa lije kuchimba bwawa la kuogelea, na bwawa lilikuwa limechorwa kuanzia kwenye blanketi hadi barabarani.

“Chini ya nyasi hizi wamo watu wetu,” Shangazi alikuwa amewaambia wakubwa. “Wazazi wangu wamo. Mling’oa mawe ya makaburi, hamkuwang’oa wao.”

Basi ndiyo sababu Bwana Halloran wa jiji alikuwa hapa, na mashine yake iliyofanana na ile ya kukatia nyasi, ila hii huona chini ya ardhi.

“Mama, nikikuta makaburi, habari ya bwawa imekwisha,” alisema akijifuta jasho. “Hapa hapatachimbwa kitu tena isipokuwa kaburi. Nisipokuta, Jumatatu ni tingatinga.”

“Sukuma, mwanangu. Hotuba tumeshasikia kanisani.”

Shangazi akachukua bilauri yake ya chai baridi, akamwaga kidogo kulia kwa blanketi, kidogo kushoto, katikati hata tone. Iliyobaki akanywa.

Mashine ikalia mara ya kwanza kando ya jiko la kuchomea mbavu. Bwana Halloran akachomeka kibendera chekundu. Ikalia chini ya meza ya dhumna. Wazee wakasimama, wakavua kofia, kisha wakaihamisha meza taratibu kama wamebeba mgonjwa, maana Mzee Amos alikuwa anakaribia kushinda. Ikalia pale wanapochezea muziki, na Cedric, mpwa wa Shangazi, akaruka kama kakanyaga kaa la moto.

“Samahani, babu!” aliziambia nyasi. “Si ungesema!”

“Angesema nini?” Shangazi akadakia. “Kila mwaka anakuona unavyocheza, anashukuru alishakufa.”

Vibendera vikazidi kuchipuka. Watu walilia, wakacheka, wakakumbatiana kwa mikono yenye mchuzi. Mmoja akapunguza muziki kwa heshima.

“Ongeza!” Shangazi akafoka. “Wamekaa kimya muda wote huo, na wewe unawazimia muziki?”

Bwawa lilikuwa limekwisha habari yake. Likabaki blanketi tu, kibendera kulia, kibendera kushoto. Watu wawili wakamwinua Shangazi, akilalamikia magoti, na Bwana Halloran akapitisha mashine.

Kimya.

Akairudisha. Akaipitisha tena, polepole. Kimya.

Sasa muziki ulizimwa kweli. Cedric akatazama viatu vyake. Akawakumbuka wale watu wa harusi. Akamkumbuka mchungaji.

“Mama,” Bwana Halloran akasema kwa sauti ya chini, “pole sana. Hapa ulipopalinda miaka yote hii… humu hamna mtu.”

Shangazi Vernell alikuwa ameshatandika blanketi upya. Akajilaza chali kati ya wazazi wake, miguu mashariki kama wao, akanyoosha kisigino kupima urefu, akaridhika.

“Atakuja,” alisema. “Anamalizia mbavu kwanza. Cedric, sahani yangu iko wapi?”