Dirisha la Zamani

Kompyuta ilijibu tena kwamba haiijui amri hiyo. Sharifa akafuta vidole vyenye jasho kwenye gauni.

Programu ya ofisi yao ya kutuma tahadhari za mafuriko kwa meseji ilikuwa imegoma tangu iwekewe toleo jipya la Node, mfumo unaoiendesha. Ilitaka ile ya zamani. Intaneti ya Mtwara mjini ilikuwa imekatika, zikabaki simu za kawaida na meseji tu. Basi kidhibiti matoleo, programu ndogo ya kubadilishia Node, pamoja na Node yenyewe ya zamani, alivinakili kwa mkono kutoka kwenye flashi, faili moja moja.

Alimpigia mama yake aliyekuwa kijijini Kitaya, kando ya Mto Ruvuma. "Mama, ondokeni. Ruvuma inafurika."

"Tunasubiri meseji ya ofisi, mwanangu. Mwaka jana ulitupigia hivi hivi, tukakimbia bure, nguruwe wakamaliza mihogo. Mwenyekiti kasema bila meseji hatoki mtu."

Alihangaika karibu saa nzima ndipo akili ikamrudia. Dirisha lile la kuandikia amri alilifungua kabla ya kusakinisha kidhibiti; lingejuaje kilichokuja baadaye? Akalifunga, akafungua jipya, akaandika amri ileile. Kompyuta ikaitika. Akachagua Node ya zamani, akatuma tahadhari.

Simu yake ikaita.

"Meseji imeingia," mama alisema taratibu. "Sasa tukishuka hapa juu ya paa, tupite wapi?"