Binti wa Kisimani

Siku hizi kitabu husomwa mara moja tu. Macho yaleyale yakirudi, kurasa huwa nyeupe. Ndiyo maana Rukia alimpa bintiye Saumu kitabu cha utotoni mwake, amsomee kwa sauti. Kilisimulia Kilwa ya masultani, na binti aliyejificha kisimani huku askari wakiupekua mji. Miaka thelathini Rukia alikumbuka kwamba binti yule hakutoka, akitamani awe amekumbuka vibaya.

Kwenye ukurasa wa mwisho Saumu akanyamaza.

“Soma, mwanangu.”

“Mweupe, Mama. Nilichungulia mwisho jana, roho ilikuwa juu juu.”

“Basi niambie. Alitoka?”

Saumu alimtazama mama yake usoni.

“Alitoka,” akasema, upesi mno. Kisha akaenda kunawa uso, akachelewa kurudi.