Viatu Vilivyobaki Gatini

Jumamosi, tarehe tatu Agosti. Asubuhi kulikuwa na mawingu mepesi, na bahari ilikuwa shwari.

Mwanangu ni nahodha wa boti inayotembeza abiria visiwani. Miaka yote amenibembeleza nipande, nami bahari naiogopa. Leo nilikubali kwa sharti moja: nishuke bandari ya kwanza, nirudi nyumbani kwa boti nyingine.

Njiani nilimwomba Mungu atufikishe salama. Sijui ni wapi maombi yaligeuka kuwa shukrani. Samaki wadogo walirukaruka ubavuni mwetu, na mwanangu kwenye usukani alipiga mluzi kama marehemu baba yake.

Tulipofika, akaja kunishika mkono.

"Haya, mama. Boti yako ya kurudi ile pale," akasema, macho yake kwenye kamba.

Nikainama kutafuta viatu. Havikuwepo.

"Ulivivua wapi?"

"Si kule gatini, kabla sijapanda? Niingie kwako na viatu?"

"Mama, hii boti, si sebule!" baharia mmoja wa mwanangu akasema, na abiria wote wakaangua kicheko. Nami nikacheka, nikitazama miguu yangu mitupu juu ya mbao zenye joto, vidole vimejiachia kama vya mtoto.

"Chukua ndala zangu," baharia akaniambia.

Nikazijaribu. Zilinienea vizuri kabisa. Nikazivua, nikamrudishia.

"Nyinyi nyote ni mashahidi," nikasema kwa sauti. "Mbele ya Mungu naahidi: sishuki mpaka kisiwa cha mwisho."