Mwanamke wa Mtoni

Melkiori alimfunga mama yake kwa kanga kwenye keria ya baiskeli, mafundo mawili, asije akaanguka njiani.

"Mtu anafungwa kama gunia la uwele," alisema mkewe, Marietha. "Baba Lea, mwache mama apumzike."

"Amepumzika vya kutosha."

Hilo lilikuwa kweli. Tangu walipomzika mzee, mumewe, mama huyo, Anastazia, hakuwa ametamka neno. Alikula, alichambua mlenda, aliitikia shikamoo kwa kutikisa kichwa. Padri alikuja, mganga naye akaja, na kila mmoja alikula kuku wake akaenda zake. Melkiori hakukaa akatulia. Aliogopa kwamba mama atakufa bila kumwita jina tena, na woga huo ulimfanya agombane hata na mbuzi.

Ndipo ikatangazwa mnadani: gari la sinema la serikali linakuja Ikungi, na litaonyesha ile ya zamani, ya mwanamke wa mtoni.

Aliiona akiwa mtoto, mapajani kwa mama. Mwanamke mwenye mtungi alivuka mto akicheza, akaimba kwa Kinyaturu: rudi nyumbani, mtama umeiva. Aliimba taratibu, karibu kabisa, hadi shingo ya mtoto ikasisimka. Mama naye aliupenda wimbo ule. Melkiori alikwisha kujaribu kumwimbia mwenyewe, ila sauti yake ni ya kufukuzia nyani.

"Huyo mwanamke wa sinema ni wa wapi?" Marietha aliuliza.

"Wa mbali. Labda pwani."

"Na anaimba Kinyaturu chetu?"

"Anaimba vizuri," alijibu kwa ukali, akaisukuma baiskeli.

Walifika jua likizama. Alimkalisha mama kwenye kigoda, yeye akaketi chini mbele ya magoti yake. Kila mara aligeuka kumtazama usoni. Watu wakamwambia atulie, ana siafu?

Kitambaa cheupe kikang'aa. Mto ukatokea, kisha mwanamke na mtungi wake, kijana vilevile, kana kwamba miaka haikumhusu. Akafungua kinywa.

Kimya. Ni mashine ya umeme tu iliyokuwa ikinguruma nyuma ya gari.

Melkiori akainuka, akakanyaga miguu ya watu mpaka kwa Urbano, mwendesha sinema.

"Bwana, fungua sauti. Wimbo uko wapi?"

"Wimbo gani? Hii haina sauti, ndugu. Haijawahi kuwa nayo."

"Niliusikia mwenyewe, nikiwa mtoto."

"Basi uliota. Kakae, unaziba watu."

Alirudi mahali pake. Njia yote ile, mafundo yote yale, kwa ajili ya mtu anayefungua kinywa bure. Akaketi vumbini mbele ya magoti ya mama, safari hii bila kuthubutu kugeuka. Kwenye kitambaa mwanamke alikuwa ameanza kuvuka mto, midomo ikicheza.

Pumzi ya moto ikamgusa shingoni.

"Rudi nyumbani," sauti ikaimba kwa Kinyaturu, taratibu, karibu kabisa, "mtama umeiva, Melkiori."