Jumamosi ya Kumi na Mbili

Kwa Jumamosi kumi na mbili familia tano zilikaa kwenye duara moja la tiba, na siku ya mwisho kila mtoto angekabidhiwa kwa mtu mzima aliyemtuliza kuliko wote. Bangili ya mkononi mwa mtoto, iliyosoma mapigo ya moyo na kuwaka kijani akitulia, ndiyo iliyopima, na bangili haina ndugu.

Mama Tausi hakuwa na wasiwasi. Binti yake wa miaka saba alikuwa haongei tangu baba yake afariki, lakini nani angemjua kumshinda yeye? Sheria ya duara ilikuwa kutofichana kitu, naye hakuficha. Mapema kabisa aliwamwagia wenzake yote: mtoto akishikwa na hofu, msugue nyayo kwa mafuta ya nazi, mwimbie taratibu, usimuulize kitu. Mama Edina, aliyeketi kando yake, aliandika kila neno.

Leo, Jumamosi ya mwisho, bangili ya Tausi iliwaka kijani. Alikuwa amejilaza mapajani mwa Mama Edina, nyayo zake zikimeta mafuta.

"Mimi ndiye niliyemfundisha hayo!" alifoka mama mtu. "Yeye anayafanya kwa utulivu, mimi nayafanya huku nalia. Hilo ndilo kosa langu?"

"Machozi yako ndiyo yanayomtisha, dada yangu," mshauri wa duara alimjibu kwa upole. Kisha akatoa hati ya kukabidhi mtoto na kalamu. "Haya, Mama Tausi, weka sahihi hapa."

Mama mtu akanyoosha mkono kuipokea. Kalamu ikampita, ikaenda kwa Mama Edina.